Saa Nane Usiku Kisimani: Shajara ya Safari ya Ugogoni

Jumapili, Dodoma mjini

Mvua ya huku ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na mwaka ukiwa mzuri hufika milimita 600 hivi. Anayekuja Oktoba anakuta nchi imekaa miezi sita bila tone: mibuyu haina jani, vumbi jekundu limetua juu ya kila kitu, ng'ombe wanahesabika mbavu. Nimeuchagua mwezi huu kwa makusudi. Machi kila kijiji kina maji. Oktoba haifichi kitu.

Kauli ya "kumtua mama ndoo kichwani" nimeisikia miaka mingi, kwenye hotuba za bajeti, kwenye mikutano ya hadhara, kwenye uzinduzi wa miradi. Ni kauli njema, na vipo vijiji ambako imetimia kweli. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2023 inasema duniani kote, kati ya kaya kumi zisizo na maji nyumbani, saba hutegemea wanawake na wasichana kuyafuata. Lakini safari hii sikuja kuhesabu mabomba. Nimekuja kuyafuata maji yenyewe, kutoka kisimani hadi kichwani hadi ndani ya nyumba, nione ndoo ikishatuliwa nani anapata kiasi gani na nani anakosa.

Mjini napo maji yanagawanywa. Dodoma imezoea kunywa maji ya visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 watu wameongezeka kwa kasi. Nyumba ya wageni niliyofikia imebandika ratiba ya mgao ukutani. Binti wa mapokezi ameniwekea ndoo mbili bafuni. "Dada, hizo ni zako mpaka kesho jioni." Nimeoga kwa nusu ndoo na kufua kitambaa kimoja.

Jumatatu, Chamwino

Basi dogo hadi Chamwino, kwenye barabara ya Morogoro. Unapita karibu na Ikulu, kisha Buigiri, penye shule ya msingi ya watoto wasioona ambayo Waanglikana waliianzisha zamani. Niliiangalia kupitia dirishani nikajua kwamba habari ya macho itanifuata mpaka mwisho wa wiki. Kutoka barabarani nilichukua bodaboda, mwendo wa saa moja na ushee wa mchanga na makorongo makavu. Kijiji nilichofikia sikitaji jina, kwa sababu wenyeji wangu walinieleza mambo ya ndani ya nyumba zao.

"Mbukwenyi," nikasalimu uani, maana salamu ya Kigogo niliijua njiani. Wakaangua kicheko cha furaha, nikapewa kigoda na kikombe cha maji. Maji hayo niliyanywa bila kujua bei yake. Bei nimeijua kesho yake.

Mama mwenyeji wangu ni mkulima wa uwele na karanga, mama wa watoto watano. Kutoka mlangoni pake hadi kituo cha kuchotea maji ni hatua chache, hata mita mia mbili hazifiki. Kina bomba mbili, sakafu ya saruji, na maandishi ya mwaka wa mradi. Hakijatoa maji tangu Juni, pampu ya kisima kirefu ilipoungua. Fedha za kuitengeneza zinachangishwa, zinasubiriwa, zinaulizwa.

Ukifuata Sera ya Taifa ya Maji ya 2002, huyu mama amehudumiwa. Sera hiyo ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, kituo kimoja kwa watu 250. Na hiyo mita 400 ina historia ndefu: mwaka 1971 nchi ilianza mpango wa miaka ishirini, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji salama ndani ya umbali huo huo. Mama mwenyeji wangu hakuwa amezaliwa mwaka ule wa 1971. Vituo vya maji vijijini vilipoorodheshwa nchi nzima miaka ya 2010, karibu vinne kati ya kila kumi vilikutwa havitoi maji. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na bomba mbele ya nyumba na bado akaamka saa nane usiku.

"Utaenda na sisi?" akaniuliza wakati wa kulala. Nikasema nitaenda. Akanitafutia ngata.

Jumanne, kabla ya kucha

Saa nane usiku kwa kweli. Tulitoka wanawake saba na wasichana wawili, tochi mbili, kila mmoja na dumu lake la lita ishirini. Mmoja wetu ni mjamzito wa miezi saba. Nilipouliza kwa nini asibaki nyumbani, alinijibu kwa upole kwamba nyumbani hakuna mwingine.

Kisima chenyewe ni shimo ndani ya mchanga wa korongo. Hili ni jambo ambalo watu wa mijini hawalielewi vizuri, na inafaa nilieleze. Korongo linaonekana kavu, lakini maji ya masika yamezama mchangani na kukaa juu ya udongo mgumu au mwamba ulio chini, mahali ambapo jua haliyafikii. Mei unafukua kwa mikono, unakunywa. Julai unachimba hadi magotini. Oktoba shimo linampita mtu mzima kimo. Kila shimo lina wenyewe, watu wa ukoo au majirani waliolichimba pamoja, na limezungushiwa miiba ili ng'ombe na punda wasilivuruge. Kuta wamezikinga kwa matawi, kwa sababu mchanga hubomoka.

Anayeshuka ni msichana, kwa kuwa shimo ni jembamba. Alivua kanga, akabaki na gauni, akashuka kwa kukanyaga vishimo vilivyochongwa ubavuni. Chini ana kata ya kibuyu. Anateka kidogo kidogo anajaza ndoo, huku juu wanaivuta kwa kamba. Ndoo ya kwanza hutoka haraka, kwa kuwa maji yamejikusanya tangu jioni. Baada ya hapo unangoja. Maji huchuruzika polepole kutoka ubavuni mwa mchanga, na ukiyaharakisha unapata tope. Ndiyo sababu ya kuja usiku: anayetangulia hupata yaliyotulia, na jua likichomoza mifugo inakuja na kila kitu kinavurugika.

Tukakaa mchangani kungoja. Waliongea habari za mazao, za mtoto aliyekwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, za marejesho ya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Mama mwenyeji wangu amepigwa faini mara kadhaa kwenye kikundi chake kwa kuchelewa vikao, na sababu ni ile ile kila mara, alikuwa kisimani. Nikauliza kuhusu fisi, maana tulimsikia ng'ambo ya korongo. Bibi mmoja akajibu: "Fisi tunamjua, mwanangu. Anayetutisha ni mtu." Hakuna aliyeongeza neno, nami sikuuliza zaidi. Wasichana hawaachwi watangulie wala wabaki nyuma. Katika msafara ule walikaa katikati, kwenda na kurudi, na hakuna aliyehitaji kuwaambia.

Tumerudi jua limeshatoka. Muda wa saa tano hivi kwa dumu moja, na dumu moja lililojaa ni kilo ishirini juu ya shingo. Mimi nililibeba nusu ya njia, nikasaidiwa. Shingo yangu inauma ninapoandika. Wao wana maumivu hayo ya shingo na kiuno mwaka hadi mwaka na hawayaiti ugonjwa.

Njiani tulipishana na vijana wawili wenye baiskeli, kila mmoja na madumu manne, wanakwenda kuuza kijijini. Dumu moja shilingi 500. Kuna jambo nimeliona hapa ambalo halikunitoka akilini siku nzima: maji ya kuuza hupanda baiskeli, mkokoteni au punda, na ya kupikia hupanda kichwani. Sina kinyongo na vijana wale, wanajitafutia. Ila baiskeli ile ile hulala nyumbani saa nane usiku, wala hakuna mila iliyoandikwa popote kwamba isimbebee mama mjamzito.

Jumatano, ndani ya nyumba

Leo sikwenda popote. Nimekaa uani na daftari, mwenyeji akijua ninachoandika, tukawa tunayahesabu maji pamoja.

Nyumba ina watu saba. Kwa kipimo cha sera ni lita 175 kwa siku, karibu madumu tisa. Leo yameingia matatu: moja la alfajiri, moja alilolifuata binti yake jioni, na moja lililonunuliwa. Lita 60.

Mtungi wa kunywa hujazwa kwanza, na hilo halina mjadala. Halafu maji ya ugali na mlenda, chakula cha mchana na cha usiku. Halafu beseni la baba wa nyumba kuoga akirudi machungani. Halafu ndama wawili ambao hawawezi kufika lambo. Vyombo vinasuguliwa kwa mchanga na majivu, vikasuuzwa kwa maji ya kata mbili, na maji hayo ya kusuuzia wanapewa mbuzi. Sare za shule hazifuliwi katikati ya wiki. Anasafisha ukosi na mikono kwa kitambaa chenye unyevu. Watoto wanaoga miguu. Nyuso zao, kama maji yamebaki.

Nikamwuliza yeye mwenyewe anaoga lini. Akafikiri. "Kesho kutwa, binti akiwahi kisimani." Nikamwuliza anakunywa kiasi gani. Akacheka kidogo, akaniambia mchana huwa hanywi sana, anakunywa usiku kazi zikiisha ili ajue watoto wameshakunywa. Jirani yake ananyonyesha mtoto wa miezi mitatu, naye alisema hivyo hivyo. Mtu mwenye kazi ya kuyaleta maji ndiye amejiweka wa mwisho kwenye orodha, na orodha hiyo hakuna aliyempangia siku moja. Ameikuta kwa mama yake.

Habari ya hedhi tuliizungumza tukiwa wawili jikoni. Vitambaa vinahitaji maji ya kufulia na ya kusuuza, na vinahitaji jua. Maji hayatoshi, na juani havianikwi kwa aibu, kwa hiyo hukauka ndani, chini ya nguo nyingine, vikiwa na harufu ya sabuni isiyotoka vizuri. Mwezi wa Oktoba, alisema, siku zile huomba zipite upesi.

Baba wa nyumba alirudi magharibi. Ni mtu mpole, na nilimpenda. Yeye huwapeleka ng'ombe lambo lililo mbali, na huko naye anashinda juani siku nzima. Kusema kwamba hafanyi kazi ni uongo. Nilimwonyesha hesabu ya daftari kwa ruhusa ya mkewe. Alisoma taratibu, akarudia mstari wa beseni lake. Akasema hajawahi kuwaza kwamba lile ni moja ya sita ya maji yote ya nyumba. Hakusema ataliacha. Mke wake baadaye aliniambia kuna miaka ambayo akichelewa kisimani aliulizwa alikuwa na nani, na kwamba siku hizi haulizwi tena tangu mama mkwe aliposema mbele ya wote kwamba hata yeye aliulizwa hivyo hivyo ujanani.

Alhamisi, shuleni na zahanati

Watoto huingia shuleni na daftari mkono mmoja na kidumu cha lita tano mkono wa pili. Maji hayo ni ya kusafishia vyoo na ya kupikia uji. Wavulana nao huleta, hapa shule imesimamia sawa, na nimewapongeza walimu.

Chumba cha kujistiri kwa wasichana kipo. Kina vigae, kina ndoano ya kutundikia nguo, kina bomba. Bomba halina maji, kwa hiyo chumba kimefungwa kisichafuke. Mwalimu mlezi wa wasichana ananunua taulo za kike kwa fedha zake mwenyewe anapoweza. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo iliondolewa mwaka 2018 na ikarudishwa mwaka 2019, lakini hata zingekuwa bure, alisema, msichana anahitaji kunawa. Anayechafuka saa tatu asubuhi anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na siku hiyo harudi. Kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mgonjwa.

Zahanati iko mbele kidogo. Muuguzi ameorodhesha vitu vya mjamzito kuja navyo siku ya kujifungua: kanga, wembe, uzi, glavu, na dumu la maji. Dumu halijaandikwa kwenye karatasi. Anawaambia kwa mdomo kwa sababu haoni namna nyingine. Tangi la mvua lililoko nyuma ya jengo limekauka tangu Agosti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Tanzania ulionyesha kwamba chini ya theluthi moja ya vizazi nchini vilifanyika mahali penye maji na choo cha kuridhisha, ukijumlisha nyumbani na vituoni. Nikiwa nimesimama kwenye chumba kile cha kuzalia, kisafi kadiri muuguzi anavyoweza kukiweka, sakafu ikiwa imepigwa deki kwa maji yaliyotumika kunawia, nilielewa kile utafiti ulichopima. Mikono ya mkunga inaponawa ni maji ya mzazi yanayotumika. Yule mama wa miezi saba tuliyekuwa naye kisimani atahitaji kuteka maji ya kuzalia mwenyewe, Desemba, kabla uchungu haujamshika.

Ijumaa, Kongwa

Nimerudi barabara kuu, nikapita Mbande, nikaingia Kongwa mchana wa jua kali.

Wazee wa hapa hawajasahau mradi wa karanga. Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta, wakajenga reli, wakaleta wafanyakazi, wakidhani tambarare hii italisha Uingereza mafuta ya kupikia. Udongo uliokaushwa na jua ulivunja majembe yao, mvua haikuja walivyotaka, na mapema 1951 wakafunga, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Bibi yeyote wa Kigogo angeweza kuwaeleza Oktoba ya Kongwa ikoje. Hakuna kumbukumbu kwamba aliulizwa.

Lakini mimi nimekuja Kongwa kwa sababu ya macho. Wilaya hii inajulikana na wataalamu wa trakoma duniani kote. Tangu miaka ya 1980 watafiti walifanya kazi kwenye vijiji vyake, na wakati huo zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa na ugonjwa huo, ambao wengi hapa wanauita vikope. Ni bakteria. Mtoto mwenye tongotongo na makamasi huvutia inzi, inzi huhama jicho hadi jicho, na kanga ya mama inayofuta uso wa mtoto huyu hufuta na wa yule, kisha wa mama. Ukiambukizwa mara nyingi utotoni, ndani ya kope hubaki makovu. Miaka ikipita makovu hujikunja, kope zinageukia ndani, na kila ukipepesa jicho zinakwaruza kioo chake hadi kinafifia. Upofu huo haurudi nyuma.

Na wanaopofuka zaidi ni wanawake. Shirika la Afya Duniani linasema ni hadi mara nne ya wanaume, na sababu haipo kwenye damu yao: ni kwa kuwa wao ndio wanaolala na watoto, wanaowabeba, wanaowafuta.

Mwaka 1989 watafiti wale walichapisha jambo kuhusu vijiji vya hapa ambalo nimelisoma mara nyingi. Waligundua kwamba kadiri maji yalivyokuwa mbali ndivyo trakoma ilivyozidi kwa watoto. Hilo mtu angelitarajia. Lakini kiasi cha maji kilichoingia ndani ya nyumba hakikuonyesha uhusiano huo. Nyumba yenye ndoo nyingi haikuwa lazima na nyuso safi. Kilichobadilika kwa umbali ni thamani ya kila kata ya maji, na uamuzi wa nini kistahili kupewa maji na nini kingoje. Uso wa mtoto ulingoja. Niliposoma maneno hayo Dar es Salaam yalikuwa matokeo ya utafiti. Baada ya siku ile ya daftari uani Chamwino, yana beseni, ndama na mtungi.

Leo nimekaa na akina bibi wanaosubiri upasuaji mdogo wa kope. Unafanyika chini ya ganzi, haumalizi saa moja, na unazuia upofu usisonge mbele. Mmoja alikuwa na kibano kidogo kimefungwa kwenye pindo la kanga. Amekitumia miaka kung'oa kope zake mwenyewe, au mjukuu akimng'olea. Nikamwuliza kwa nini hakuja mapema. "Ningekuja, nani angekwenda kisimani?" Mjukuu wake wa kike, aliye darasa la tano, alikuwa amekaa pembeni yake. Hakwenda shule leo. Amekuja kumwongoza bibi.

Muuguzi wa macho alinionyesha anachowafundisha akina mama. Akachukua kikombe kimoja cha maji, akawanawisha watoto watano mmoja baada ya mwingine kwa kumimina kidogo kiganjani, na maji yakabaki. Anasema mama anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu amelelewa akijua kunawa uso ni kupoteza maji. Halafu akaongeza jambo ambalo wataalamu wa kunawa nyuso wanapaswa kulisikia: hamfundishi mama peke yake. Anamwita baba na mama mkwe wakae waone, kwa maana mama akirudi nyumbani na kuanza kumwaga maji usoni kwa watoto, ni wao watakaomwuliza.

Dawa ya azithromycin inayogawiwa kijiji kizima, upasuaji na nyuso safi vimeupunguza sana ugonjwa huu Kongwa tofauti na miaka ile. Watoto niliowaona leo wengi wana macho meupe, safi. Wanaoumia sasa ni waliokuwa watoto wakati ule.

Jumamosi, kijiji cha mashariki mwa Kongwa

Hapa bomba linatoa maji. Pampu ya jua, tangi juu ya mnara, vituo vinne. Nilifurahi kama mtoto.

Maji yana chumvi kiasi. Chai ina ladha yake, sabuni haitoi povu mpaka uisugue sana, na maharage hayaivi. Mama mmoja aliweka sufuria asubuhi na hadi alasiri yalikuwa bado magumu. Hilo lina gharama: kuni zaidi, na kuni ni safari nyingine ya yule yule mama. Wengi huchota ya bombani kwa kuoga na kufulia, na ya kupikia maharage huyafuata korongoni.

Kilichonishangaza zaidi ni saa. Msimamizi hufungua bomba saa nne asubuhi na kufunga saa tisa alasiri, kwa sababu saa hizo ndizo zinazomfaa. Saa nne wanawake wako shambani wanaandaa ardhi kabla ya mvua. Kwa hiyo hata hapa, kwenye kijiji chenye pampu mpya, wapo wanaokwenda korongoni usiku.

Jumapili, mkutano wa kijiji

Mkutano wa kijiji hicho hicho uliitishwa chini ya mbuyu baada ya ibada. Kabla haujaanza, kikundi cha akina mama kilipiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya magoti, na watu wakaja kwa sauti hiyo haraka kuliko walivyokuja kwa kipaza sauti cha mtendaji.

Ajenda ya nne ilikuwa maji. Mtu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019, alieleza kanuni za chombo cha watumia maji: mapato yaandikwe, yawekwe benki, nafasi za uongozi wanawake wawemo. Mwenyekiti akasema wanawake wamo, wawili. Bibi mmoja akasimama akauliza hao wawili wanashika nini. Kimya. Akajibu mwenyewe: mmoja anapika chai ya wajumbe, na mwingine hajaitwa kikaoni tangu Februari. Watu wakapiga makofi, wanaume nao, si wachache.

Hoja tatu zikatolewa na akina mama kwa pamoja, walikuwa wamejipanga. Ya kwanza, bomba lifunguliwe saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu, kisha saa kumi jioni hadi saa moja usiku. Ya pili, wasimamizi wawe wawili kwa zamu, wanawake, na wote wajue kusoma daftari. Ya tatu, zahanati ipewe madumu kumi kila siku bila malipo ili mzazi asije na maji yake.

Ya kwanza ilipita bila ubishi. Ya pili ilibishaniwa muda mrefu. Mzee mmoja alisema mwanamke hawezi kushika fedha za kijiji. Kijana wake akasimama kumwambia kwamba fedha za nyumba yao zinashikwa na mama na hazijawahi kupotea. Ikapita. Ya tatu haikupita. Mweka hazina alieleza kwamba kwa shilingi 50 kwa ndoo, fedha zilizopo hazitoshi kununua pampu mpya hii ikiungua, na nilikumbuka kile kituo cha Chamwino, nikaona hana makosa. Muuguzi wa zahanati naye alisimama akasema wazazi wanne wanatarajiwa mwezi huu. Hoja imepelekwa kikao cha Desemba. Mimi ningeipitisha jana.

Mkutano ulipovunjika, mtendaji alimkabidhi ufunguo mama mwenye zamu ya kwanza. Aliupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga, akauliza daftari la mapato liko kwa nani, na la miezi mitatu iliyopita liko wapi.